Nilisema Hakuna

Kazi yangu ina uongo mwingi na mwingi wake hauna madhara. Unamwambia mtu mbwa wake mpole huku soksi yako imechanika. Unamwambia bibi wa namba tatu kwamba mvua haijakulowesha, ili asikuingize ndani akakukalisha saa nzima kwa kikombe kimoja cha chai. Nimepeleka barua kwenye kilima cha Ramsclough miaka ishirini na mmoja, na uongo wa aina hiyo siuhesabu. Ninaouhesabu ni mmoja, pamoja na ule mwingine mdogo uliofuata nyuma yake. Ulikuwa wa neno moja tu. Nilimwambia Alban Holroyd mlangoni pake, Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, nikiwa nimembebea kifurushi.

Alban ana miaka sabini na sita. Zamani alikuwa fundi wa mabomba wa manispaa, na hadi leo ukimtajia choo kinachovuja uso unamchangamka. Anakaa Safu ya Juu, nyumba kumi na nne za mawe zilizopangana mwisho wa barabara, na baada ya hapo ni kondoo na upepo. Mkewe Nesta yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, bonde la pili, maili kumi na moja kutoka hapa. Basi la kule lilifutwa miaka miwili iliyopita. Kila siku ya Mungu Alban aliwasha kigari chake cheupe akaenda kumlisha Nesta chakula cha mchana, kwa sababu tangu apate kiharusi Nesta hafungui kinywa kwa mtu mwingine. Wauguzi wamejaribu kwa kumbembeleza, kwa kumwimbia, hata kwa kumdanganya kwamba wao ndio Alban. Anabana midomo na kutazama dirishani. Akimwona mumewe, anakifungua.

Jicho la kushoto la Alban lilishakwenda zamani, akabaki na la kulia. Mwishoni mwa Februari akaona fremu ya mlango wa jikoni imepinda. Akaichukulia timazi yake ya enzi za ufundi, akaipima, fremu iko sawa kabisa. Kilichopinda ni jicho. Daktari wa miwani alimwangalia siku hiyo hiyo akamwambia damu inavuja nyuma ya jicho. Akamwambia inatibika kwa sindano, lakini sindano ya kwanza isizidi wiki mbili, na kwamba hospitali itamwandikia.

Haya yote alinieleza mwenyewe akiwa amesimama kizingitini. Watu wa huku hawamwambii jirani kwamba wana kikohozi, lakini mpeleka barua wanamwambia mpaka rangi ya mkojo.

"Kwa hiyo nikiona bahasha ya hospitali nikuletee mbio," nilimtania.

"Mbio usije, kipenzi. Ukivunjika mguu nani ataniletea?"

Huku kila mtu ni kipenzi, hata askari anayekuandikia faini. Lakini Alban alilisema kama anamaanisha.

Sasa nieleze kazi yetu ilivyokuwa wakati ule, na nitaeleza bila kujitetea, maana nimeshajitetea vya kutosha kichwani. Pale ofisini kila mtaa una ubao wa vishubaka, kila nyumba na kishubaka chake. Asubuhi unachomeka barua, unazitoa kwa mpangilio wa milango, unafunga kwa mpira, unatoka. Majira yale ya baridi wenzetu watatu walikuwa nyumbani na migongo yao mibovu, na hakuna aliyeletwa kuziba nafasi zao. Meneja wetu Craig akatoa amri, vifurushi kwanza. Kifurushi kina mistari yake, mashine inakisoma, na makao makuu wanaona kwenye kompyuta kimekwama wapi na mikononi mwa nani. Barua haina mistari. Ikilala kwenye kishubaka siku kumi, kompyuta haijui kama imezaliwa.

Basi tukawa tunapanda kilima na viatu vya watu, chakula cha paka, mapazia, vyungu vya maua, na barua tunaziacha nyuma. Safu ya Juu ndiyo iliyoachwa zaidi, kwa sababu iko mbali na inakula dakika arobaini. Anayeamua mtaa gani uachwe si Craig. Ni mwenye mtaa. Kwa hiyo ni mimi.

"Mteja akiuliza, usimwambie zimelala," Craig alituambia. "Unasema, sina kitu chako leo. Basi. Hujadanganya mtu."

"Na akiuliza kwa nini?"

"Unamwambia siku njema."

Tulimcheka. Tulimwita Craig Sina kwa wiki nzima.

Tarehe kumi na mbili mvua ilikuwa ya kulala, ile inayokupiga shavuni. Nilikuwa na vifurushi viwili vya Safu ya Juu, kimoja cha Alban. Alikifungua papo hapo mlangoni, viatu vya ndani vya manyoya, vya Nesta, vya zambarau, akaviinua karibu na uso kuhakikisha vinafanana. Niliona anavisogeza pembeni ya jicho badala ya mbele, na nikaelewa kwamba mbele haoni vizuri tena.

"Miguu yake siku hizi barafu," alisema. "Barua je, Lorna?"

Nilikuwa sijatoa barua kwenye vishubaka vya Safu ya Juu kwa siku nane. Nilijua vimejaa, maana nilikuwa nazisukuma barua kwa kidole gumba ziingie. Sikuwa nimetazama bahasha zake, wala sikujua kuna nini. Ningesema sina, ingekuwa kweli, hata kama ni kweli ya Craig. Mtu akiambiwa sina anaweza kuuliza, huna wewe au haipo? Angeuliza, na mimi ningebanwa, ningesema, na pengine ningerudi ofisini kuangalia.

Nilisema, "Hakuna, Alban."

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Nililowa hadi chupi, nilikuwa na nyumba sitini na moja mbele yangu, na nilimwona ana wasiwasi nikataka kuumaliza haraka ili niondoke. Hakuna ni neno linalofunga mlango.

"Nilikuwa nafikiria niwapigie simu," alisema. "Daktari wa miwani alisema wiki mbili, na keshokutwa zinatimia."

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, nami nikaitupa pia.

"Wangekuwa na haraka wangeshaandika," nilimwambia. "Kule wamezidiwa. Wape siku mbili tatu."

"Ndiyo, ndiyo. Sitaki kuwa kero."

Sisi watu wa huku tunaogopa kuwa kero kuliko tunavyoogopa kufa. Tutasimama kwenye foleni isiyo yetu mpaka mwisho badala ya kumuuliza aliye mbele hii foleni ya nini. Nilimjua Alban ni wa aina hiyo. Nilijua nikimwambia subiri, atasubiri.

Jumatatu iliyofuata Craig akatangaza kwamba wakubwa wanakuja kukagua Jumatano, kwa hiyo Jumanne barua zote zitoke, hata kama tutamaliza jioni. Kumbe iliwezekana. Nilianza na Safu ya Juu. Kwenye kishubaka cha namba tisa nilikuta bahasha mbili nyeupe zenye mstari wa bluu wa hospitali, na tarehe zake mtu hahitaji miwani kuzisoma. Ya kwanza ilitumwa tarehe mosi, kwa hiyo ilitufikia tarehe tano hivi. Ilikuwepo. Niliposimama pale na viatu vya zambarau, ilikuwa na siku saba kwenye ubao wangu.

Nilikaa kwenye kreti. Mwenzangu Shabnam akaniuliza kama ni mgongo. Nikamwambia ndiyo.

Alban alizipokea zote mbili kwa furaha, akidhani ya pili ni ramani ya hospitali. Akazipeleka dirishani, akazigeuza, akanirudishia.

"Nisomee, kipenzi. Herufi zinanikimbia."

Nikamsomea. Ya kwanza ilisema afike Alhamisi tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, asiendeshe gari mwenyewe. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Ya pili ilisema wanasikitika kwamba hakuhudhuria, nafasi yake amepewa mgonjwa mwingine, na kama bado anahitaji huduma arudi kwa aliyempeleka aanze upya.

"Samahani," alisema Alban.

Hakuwa ananiuliza kitu. Alikuwa ananiomba radhi mimi, kwa kunisomesha habari mbaya. Kisha akapiga simu hospitali mbele yangu, na nikamsikia akiwaomba radhi na wao. Samahani, nilikosa kufika. Samahani, barua imefika leo. Samahani kukuchukulia muda. Sauti ya yule karani ilisikika hadi nilipo. Ilikuwa ya upole na ilirudia jambo moja: "Lakini sisi tulikuandikia, bwana."

Alipokata simu aliniuliza, "Hii imechelewa wapi, Lorna?"

"Labda wao walichelewa kuituma," nikasema. "Hospitali hizo, unazijua."

Tarehe ilikuwa imepigwa muhuri juu ya bahasha, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake saa ile.

Akarudi kwa daktari wa miwani, akaanza upya, akapewa tarehe kumi na nane Aprili. Kila asubuhi kati ya siku hizo nilipanda Safu ya Juu na barua zote, Craig alie asilie. Nilipeleka hata matangazo ya madirisha. Alban aliniambia sijawahi kuwa mchapakazi hivi.

Ile sindano walimchoma, lakini ilikuwa imechelewa. Damu ilishatulia ikaacha kovu katikati ya jicho. Anaona pembeni. Ukikaa mbele yake anaona masikio yako na ukuta, usoni pako pana doa la kijivu. Daktari alimwambia kwa adabu sana kwamba wangemwona mapema, pengine wangeokoa sehemu kubwa. Alban alinisimulia hayo akiwa anapangusa meza iliyokuwa safi.

Leseni ya gari aliirudisha mwenyewe kabla hajalazimishwa. Aliiweka kwenye bahasha, akanipa mimi nimpelekee posta. Ilifika kesho yake. Niliisimamia kama yai.

Nesta akabaki na midomo yake imefungwa. Wiki ya kwanza alikunywa chai na vijiko vichache vya uji wa maziwa, kwa ubishi. Kanisa lina gari la kujitolea siku ya Jumatano. Mimi nikasema nitampeleka Alban Jumapili, na siku yangu ya mapumziko, ambayo huwa inahama. Kwa hiyo kutoka siku saba akapata tatu. Siku nne zilizobaki Nesta alikula vile anavyotaka yeye, yaani karibu hakula. Kufikia Juni pete ya ndoa walikuwa wamemfungia kwa uzi isidondoke.

Jumapili ndizo zilizonimaliza. Alban alimlisha mkewe kwa kumtafuta kidevu kwa mkono wa kushoto, kisha kijiko kinafuata mkono. Nesta alikuwa anamtazama usoni muda wote. Viazi vilivyopondwa, mchuzi, njegere zilizosagwa. Vinapodondoka yeye havioni, na wauguzi wanasubiri amalize ndipo wapanguse, wasimwaibishe.

"Huyu ndiye Lorna, Nes," alimwambia kila mara. "Kama si yeye nisingekuwa hapa."

Mhudumu mmoja, mama mnene mwenye mikono ya kuoka mikate, alinishika bega akaniambia, "Dada, wewe ni malaika, unajua?" Nikaenda chooni nikafungua bomba maji yatiririke, nikasimama tu pale. Nilitaka mtu anitukane. Nilitamani mtu mmoja tu katika jengo lile aseme, wewe mwanamke umefanya nini?

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia Craig. Nilidhani nikimwambia mzigo utapungua kidogo.

"Kuna mahali umeandika hayo?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi usiandike." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, na nadhani hilo lilimtoka moyoni, "Si wewe peke yako, Lorna. Ni watu wote hapa."

Nilijua ni watu wote. Nimeshauimba wimbo huo mpaka nimeuchoka: ni makao makuu, ni kompyuta, ni migongo ya watu watatu, ni hospitali inayotuma barua ya jicho kwa stempu ya bei nafuu wakati simu ipo. Kila kitu katika orodha hiyo ni kweli. Lakini mlangoni pa namba tisa makao makuu hayakuwepo. Nilikuwepo mimi, na swali nililoulizwa lilikuwa jepesi.

Jumapili ya pili ya Juni, tukirudi, Alban alikuwa na furaha. Nesta alikuwa amemaliza sahani nzima na akasema neno, la kwanza tangu Pasaka. Alisema "chumvi." Alban alilirudia njia nzima. Chumvi, anasema, eti chumvi, mwanamke huyu alinilalamikia chumvi miaka hamsini na moja. Nilisimamisha gari mbele ya mlango wake na sikuzima injini. Kama ningeizima nisingesema.

"Alban, ile barua ya hospitali ilikuwa ofisini kwangu."

"Ipi?"

"Ya Machi. Ya kwanza. Ilikuwa kwenye kishubaka chako wakati nakuletea vile viatu. Safu ya Juu nilikuwa nimeiacha siku nane. Vifurushi kwanza, ndivyo tulivyoambiwa. Lakini kuiacha Safu ya Juu nilichagua mimi."

Alinigeuzia uso pembeni. Sasa najua kwamba akifanya hivyo ndipo anakuona.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ulijua ipo?"

"Sikujua. Nilijua sijaangalia."

"Ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna. Na ulipotaka kupiga simu nikakuzuia. Na ile siku nimekusomea nikawasingizia hospitali."

Wipa zilikuwa zinafuta kioo kikavu, nilikuwa nimesahau kuzizima. Nilisubiri aseme samahani, kwa jinsi nilivyomzoea, na nilikuwa naogopa kwamba akilisema nitalia. Hakulisema. Alianza kutafuta kitasa cha mlango. Akapapasa kioo, akapapasa mfuko wa mlango, nikanyoosha mkono kupita kifuani pake nimfungulie.

"Acha," alisema.

Nikarudisha mkono. Ilimchukua muda mrefu. Alikipata, akatoka, akasimama akiwa ameshikilia paa la gari, sura yake juu huko nisikoweza kuiona, naona koti tu na vifungo vyake, kimoja kimefungwa tundu la mwenziwe.

"Ningekuwa na macho, Lorna," alisema, na kipenzi hakikuwepo, "ningekwambia usikanyage tena mlangoni kwangu. Barua ningezifuata mwenyewe ofisini, na Craig wako ningemwambia maneno."

"Najua."

"Hujui. Kaa kimya." Alivuta pumzi. "Nina mke asiyekula."

Nikazima wipa.

"Jumapili uje saa tano, si saa sita," alisema. "Siku hizi wanawapa chakula mapema."

Akaufunga mlango wa gari, taratibu, akaenda zake akiushika ukuta.